Indiketa ya Kushoto Inakimbia

Fundi Saa aliapa mbele ya chai. Hakukuwa na shahidi wala kitabu, ni chai tu na mkate, lakini kwa mke wake kiapo cha chai ni kiapo.

"Gari niachie mimi," alisema. "Ukirudi saa saba utakuta taa zote zinawaka mpaka uombe miwani."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, bahasha ya vyeti kwapani. Alimwangalia mumewe vile mtu anavyoangalia wingu akiwa ameanika nguo.

"Baba Pacha, kwa fundi umeme wa magari hiyo ni kazi ya dakika ishirini."

"Mimi nafungua saa ndogo kuliko ukucha wako. Kuna kigurudumu mle ndani, ukipiga chafya kimekwenda, tunakitafuta mpaka Jumapili. Leo nishindwe na balbu?"

"Sijasema utashindwa. Nimesema kazi ni leo."

Na mzigo wote ulikuwa hapo, kwenye hiyo leo. Saa tisa kamili alasiri Mama Pacha alitakiwa awe na gari lake kwenye yadi ya kampuni moja ya kusambaza vifurushi. Walikuwa wanachukua madereva wenye magari yao. Leseni alikuwa nayo, ya miezi mitatu, bado inanukia plastiki. Miaka kumi na moja alikuwa ameshona kola za mashati kiwandani, kiwanda kikafungwa, na tangu siku hiyo amekaa ndani mpaka anajua kigae gani cha jikoni kina ufa na kipi kinajiandaa. Kazi hii aliitaka mpaka alikuwa anaiota. Ule ujumbe wa kampuni aliusoma kwa sauti mara nne, simu ikiwa karibu na pua: gari litakaguliwa taa moja moja, na taa moja tu ikilala, nafasi inakwenda kwa aliye nyuma yako kwenye orodha. Hakuna njoo kesho.

"Taa ndogo mbili za mbele zimekufa," alisema, akihesabu kwa vidole. "Ya ubavuni kulia imekufa. Na indiketa ya kushoto ina wazimu, inalia haraka haraka."

"Nimeisikia."

"Umeisikia, sawa. Utaiangalia?"

"Nenda kapige picha zako za pasipoti, mama. Foleni haikusubiri."

Akaenda. Fundi Saa akamalizia chai yake kwa funda moja, akatoka.

Sasa, huyu bwana usimwone hivi. Mtaa mzima ulikuwa unavaa kazi ya mikono yake. Saa za ukutani, za mkononi, za mezani, zile zenye ndege anayetoka kuimba, zote zilipita kwenye meza yake ya kioo pale mbele ya nyumba. Alikuwa na kile kikombe cheusi cha kukuzia vitu, anakibana kwenye jicho, anainama, na ukimsalimia hapo anajibu baada ya robo saa. Kusikia ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Unaweka saa kwenye meza, hata hajaishika, anakwambia, "Hii imeanguka wiki iliyopita, na ilianguka kwa hasira." Unabaki unajiuliza kaambiwa na nani.

Gari lilikuwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba, kinyumenyume, matako yake karibu yaguse ukuta. Kagari ka bluu, milango minne, mmoja wake unafunguka kwa nje tu. Mama mkwe alikuwa ameshatoa kiti chake, amekaa kwenye kivuli karibu na ukuta, anafuma sweta. Alikuja kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwezi wa tatu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu alikuwa mama asiyechokoza mtu. Yeye na mkwewe waliheshimiana mpaka wakikutana mlangoni kila mmoja anampisha mwenzake, chai inapoa mikononi.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, mwanangu. Unataka kulitengeneza?"

"Kidogo tu, mama. Taa."

"Haya. Mungu akutangulie," alisema mama mkwe, kama vile mkwewe anapanda mlima.

Fundi Saa akatandika kitambaa cheupe juu ya boneti. Akapanga bisibisi kwa urefu, koleo ndogo, kibano, brashi ya kusafishia meno ya saa, na balbu mpya ndani ya viboksi vyake. Ng'ambo ya barabara Kinyozi akaacha kunyoa.

"Fundi," akaita. "Ukimaliza utalitia mkanda ulivae mkononi?"

"Wewe nyoa. Huyo mteja wako ana nusu kichwa tangu asubuhi."

"Nusu nyingine anasubiri aone kama litalipuka."

Mteja mwenyewe akageuka na shuka lake shingoni kuja kutazama vizuri. Basi ikawa ni maonyesho.

Taa ndogo za mbele, zile za kuonyesha tu kwamba gari lipo, zinaingilia kwa nyuma, kupitia ndani ya boneti. Pana kofia ya mpira, ukiivua unakutana na holda, unaizungusha kidogo, inatoka na balbu yake mdomoni. Fundi Saa akaivuta balbu, akabana kikombe chake jichoni. Kioo kilikuwa kimeingia moshi, na ule uzi wa ndani umekatika katikati, ncha mbili zinatazamana kama majirani waliogombana. Akachukua mpya kwa kitambaa, maana kioo cha balbu hakipendi jasho la vidole, akaipiga brashi ile kutu ya kijani kwenye holda, akapachika. Akawasha. Ikawaka.

Ya pili balbu ilikuwa nzima kabisa. Kumbe kale kaulimi ka chuma ndani ya holda ndiko kalikolala, hakagusi. Mtu mwingine angetupa balbu nzima. Yeye akakainua kwa ncha ya sindano, polepole, kama anamwamsha mgonjwa. Ikawaka.

Ya ubavuni ndiyo ilitaka kumwaibisha. Ile unaisukuma mbele kwa kidole gumba mpaka inaachia, kisha unaivuta nje. Ikaachia, akachomoa holda, na waya ukaanza kurudi zake ndani ya tundu, unateleza taratibu kama mjusi anayerudi nyumbani. Ukipotelea mle ni kulifumua gari. Kibano kikaunasa ncha ikiwa imebaki kama punje ya mchele.

"Eh," Kinyozi akasema kutoka ng'ambo, kwa sauti ya chini, na alikuwa anamaanisha.

Saa nne na nusu, taa ndogo zote zikawa zinawaka. Fundi Saa akachungulia nyuma bila kusogeza gari. Ukuta ulikuwa umepata wekundu pande zote mbili, kushoto na kulia. Nyuma ni salama, basi. Akamwonyesha mama mkwe kidole gumba, mama mkwe akatikisa sindano zake za kufumia.

Ikabaki indiketa.

Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango ili mtaa unyamaze, akafumba macho. Kulia kwanza: tik, tak, tik, tak. Safi. Mapigo ya mtu aliyekula akashiba. Akahesabu kwa saa yake ya mkononi, themanini kwa dakika. Kisha kushoto: tikitikitikitiki. Mia na sitini.

Hapo, mtu yeyote angetoka akaangalia balbu. Lakini Fundi Saa alitabasamu, kwa sababu ugonjwa huu alikuwa anaujua. Saa nyingi zina tabia hiyo. Ukiilaza upande mmoja inakwenda vizuri, ukiilaza upande mwingine inakimbia. Wateja huja wakilia kila siku: fundi, nikilala nayo inaamka imeniacha. Dawa yake ni kuufungua moyo wake na kuutuliza mapigo. Sasa gari likienda kulia liko sawa, likienda kushoto linakimbia. Si ndiyo yale yale?

Akaifuata tikitiki kwa sikio, kichwa chini ya dashibodi, miguu ikining'inia nje ya mlango. Akakipata: kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimechomekwa kwenye msitu wa waya. Ndicho kinachokata umeme na kuurudisha, ndicho kinacholia. Akakichomoa, akakibeba mpaka mezani kwake kama yai.

Ndani mlikuwa na kapasita, kale kadude kama kijipipa. Kenyewe kanajaza umeme kidogo, kanauachia, kanajaza tena. Kijipipa kikiwa kikubwa kinachelewa kujaa, mapigo yanatulia. Hilo alilijua vizuri tu, maana redio na saa za umeme alishazifumua nyingi. Akatafuta kwenye kopo lake la vipuri, akapata kubwa zaidi, akayeyusha risasi ya kuungia waya, akatoa la zamani, akatia jipya. Akafunga. Akarudi garini, akachomeka, akafumba macho.

Kushoto: tik, tak, tik, tak.

Akahesabu. Themanini. Hakuna sabini na tisa hapo wala themanini na moja. Akahesabu tena kwa raha tu, kama mtu anayerudia kusikiliza ujumbe wa sauti wa mpenzi wake.

"Kinyozi," akaita. "Njoo usikie kazi."

Kinyozi akavuka barabara na mashine mkononi. Mteja akavuka naye, shuka na yote. Wakainamisha masikio dirishani. Tik, tak, tik, tak.

"Inasikika kama saa," mteja akasema.

"Umeona," Fundi Saa akasema. Alikuwa na furaha mpaka akampa mkono mtu mwenye nusu kichwa. Akilini alishamwona mke wake anarudi, anasikia, anasema neno moja tu, basi. Hata hakuhitaji samahani.

"Na kulia?" Kinyozi akauliza.

"Kulia ni salama tangu zamani."

Akasukuma kijiti cha indiketa upande wa kulia.

Tik.

Wakasubiri.

Tak.

Wakasubiri tena. Mteja akasogeza sikio zaidi.

Tik.

"Huyu mzee," Kinyozi akasema, "anapanda ngazi?"

Fundi Saa akahesabu: arobaini. Umetibu mguu wa kushoto, wa kulia unachechemea. Akarudisha kushoto, themanini. Kulia, arobaini. Akajiambia labda kapasita lina kasoro. Akachukua lingine. Kushoto kukawa sabini na tano, kulia thelathini na saba. Akachukua la tatu. Jua likapanda. Kinyozi akammaliza mteja wake, akaanza mwingine. Mara tano Fundi Saa alikwenda na kurudi kati ya meza na gari, na kila alipoingia garini alifunga mlango, akafumba macho, akasikiliza, na kila mara kushoto palikuwa patamu na kulia pakichekesha.

Saa saba na dakika arobaini Mama Pacha alirudi, picha nne za pasipoti kwenye bahasha, nywele zimefungwa upya. Akamkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha dereva na macho yamefumbwa.

"Umelala?"

"Nasikiliza."

"Taa?"

"Ndogo zote tayari. Ya ubavuni tayari. Kushoto nimemtuliza, sikiliza mwenyewe. Sasa kulia ndiko kumepatwa na uvivu kidogo. Nipe nusu saa."

Mama Pacha akasikiliza kushoto. Akasikiliza kulia. Yeye alikuwa na leseni mpya, na mtu mwenye leseni mpya anafanya kila kitu kama alivyofundishwa. Na jambo la kwanza alilofundishwa ni kwamba dereva hazunguki maneno, analizunguka gari.

"Toka," akasema. Akaingia yeye, akalisogeza mbele hatua tatu, akawasha indiketa ya kushoto, akashuka. Akapita mbele. Inakonyeza. Akapita ubavuni. Akafika nyuma, akasimama.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Hii imelala."

"Ipi?"

"Ya nyuma, kushoto. Haiwaki kabisa."

"Haiwezekani. Nimeipima, inakwenda themanini."

"Inakwenda wapi? Njoo uione."

Akaja. Akaiona. Taa nyekundu zilikuwa zinawaka vizuri, lakini pale pembeni, kwenye kidirisha cha indiketa, palikuwa kimya kama simu iliyoisha chaji, na mlio ndani ya gari unaendelea, tik, tak, kwa raha zake.

Mama mkwe akakohoa kidogo kwenye kiti chake.

"Mimi niliona," akasema taratibu, akiutazama uzi wake. "Ule ukuta ulikuwa unapata rangi ya chungwa upande ule, upande huu haupati. Nikasema labda gari lenyewe ndivyo lilivyo. Nani atamsahihisha fundi, naye macho kayafumba?"

Mama Pacha akamgeukia mumewe.

"Kabla hujaishika, hii ya kushoto ilikuwa inakimbia?"

"Ilikuwa inakimbia."

"Mwalimu wetu wa udereva alituambia siku ya pili tu. Indiketa ikikimbia upande mmoja, usiitukane, inakuletea habari. Kuna balbu imekufa upande huo. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili dereva ajue bila kushuka."

Fundi Saa alihisi masikio yake, yale masikio ya sifa, yanapata moto mpaka shingoni. Alikiona kitu chote kwa mara moja. Kidude ni kimoja, kinahudumia pande mbili. Hakikuwa kigonjwa. Kilikuwa kinapiga kelele kama mtoto aliyemwona nyoka, na yeye akakaa asubuhi nzima anamfundisha mtoto kuongea polepole.

"Nimemziba mdomo," akasema.

"Nani?"

"Mleta habari."

Angegombezwa ingekuwa nafuu. Lakini Mama Pacha alitazama simu yake tu. Saa saba na dakika hamsini na mbili. Mpaka yadi ni dakika ishirini na tano, na hataki kufika anahema. Akavuta pumzi, akamtazama mumewe vile alivyokuwa anautazama mstari wa mashine kiwandani umeme ukikatika.

"Haya. Saa nane na nusu naondoka hapa. Nini kinatangulia?"

Na Fundi Saa, ambaye alikuwa amejiandaa kuomba radhi kwa hotuba, akaona hakuna nafasi ya hotuba. Akafungua buti.

Ndani ya buti, nyuma ya kifuniko cha plastiki, holda ya indiketa ilizunguka vizuri ikatoka. Balbu ndiyo iligoma. Maji yalikuwa yameingia siku nyingi, kitako cha balbu na holda vimeshikana kwa kutu. Balbu ya aina hii unaisukuma ndani, unaizungusha, inatoka. Akasukuma, akazungusha. Akaifunika kwa kitambaa, akasukuma tena. Ndani ya kitambaa pakasikika sauti ndogo ya kuvunjika. Kioo kikabaki mkononi, kitako kikabaki ndani.

Kinyozi, ambaye alikuwa ameshavuka barabara tena, akafungua mdomo. Mama Pacha akamtazama. Akaufunga.

"Kuna nyingine?" Mama Pacha akauliza.

"Sikununua ya aina hii. Inatakiwa ya rangi ya chungwa, maana kioo cha nje ni cheupe. Na ina vijino viwili pembeni, lakini havitazamani sawasawa, kimoja kimejivuta. Mwambie wa duka la spea—"

"Usinisimulie. Kiwandani hatukununua uzi kwa kusimulia rangi. Nipe sampuli."

Akaona akili hiyo. Akaenda mbele, akachomoa balbu ya indiketa ya mbele kushoto, ndugu yake kabisa yule aliyekufa nyuma, akaifunga kwenye kitambaa, akampa. Mama Pacha akavua viatu vyake vya usaili, akavaa kandambili za mama yake, akakata kona mbio.

Sasa hapa ndipo mikono ile inayosifiwa na mtaa ilipofanya kazi. Kitako kilikuwa kimebaki mle ndani ya holda, bati jembamba lenye meno ya kioo, hakuna pa kushika. Fundi wa haraka angeingiza bisibisi nene, angeipasua na holda yenyewe, na hapo gari haliendi popote. Fundi Saa alibana kikombe jichoni. Akatia tone moja la mafuta ya saa, lile la kuchovya kwa ncha ya waya. Akakwangua kutu kuzunguka, nukta kwa nukta. Akalikunja bati kwa ndani kwa kibano, upande huu, upande ule, mpaka likaanza kucheza kama jino la mtoto. Mama mkwe alikuwa ameacha kufuma. Kinyozi alikuwa ameshika tochi ya simu juu ya bega la fundi, na kila kibano kilipohama alihama nacho.

Likatoka. Akapiga brashi ndani ya holda mpaka shaba ikaonekana.

Mama Pacha akarudi na balbu mbili mkononi, sampuli na mpya. Mpya ikasukumwa, ikazungushwa, ikakaa. Sampuli ikarudi mbele. Saa nane na dakika kumi na tatu.

Akawasha kushoto. Nyuma inakonyeza. Mbele inakonyeza. Lakini mlio: tik... tak... Arobaini. Pande zote mbili sasa zilikuwa zinapanda ngazi na yule mzee.

"Inawaka lakini," Fundi Saa akasema, kwa kujaribu. "Ni mwendo tu. Hiyo ya mlio naweza kukurudishia jioni kwa utulivu."

"Hapana. Rudisha kama ilivyokuwa."

"Nafasi ni ndogo, mama watoto."

"Baba Pacha, nisikilize. Nitakuwa barabarani peke yangu na vifurushi vya watu. Wewe hutakuwepo, mwalimu hatakuwepo. Sitaki gari lenye adabu. Nataka gari linaloniambia."

Fundi Saa akachomoa kile kidude, akakimbilia mezani. Kapasita la zamani lilikuwa limechanganyika na wenzake watano, akalitambua kwa mguu wake mmoja mfupi. Akayeyusha, akatoa, akarudisha. Akaunguza kidole, akakitia mdomoni, akaendelea. Saa nane na dakika ishirini na nne akachomeka.

Kulia: tik, tak, tik, tak. Kushoto: tik, tak, tik, tak.

"Sasa nionyeshe inavyolalamika," mke wake akasema.

Akaenda mbele, akachomoa ile balbu ya indiketa. Tikitikitikitiki. Mama Pacha alisikiliza na kichwa amekiinamisha, kama mtu anayejifunza sauti ya mtoto wake mchanga, hii ni ya njaa, hii ni ya usingizi.

"Nimeshaijua," akasema. "Twende."

"Twende nani?"

"Na wewe. Ikizima njiani nani atakwenda chini ya dashibodi, mama huyu?"

Mama mkwe akacheka mpaka sindano ikaanguka.

Njiani Mama Pacha aliendesha mikono miwili, anatazama kioo, anatazama kioo tena. Fundi Saa alikaa na magoti yamebanana, mikono myeusi juu ya mapaja, hataki kugusa kiti. Njia ilipinda kulia tu, na kila mkewe alipopinda aliisikia, tik, tak, akaihesabu kwa midomo.

Yadi ilikuwa na foleni ya magari saba. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye ubao wa karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa mtu wa salamu ndefu. Gari la mbele yao lilikuwa kubwa, jeupe, limeng'arishwa mpaka unaweza kujinyolea humo. Mkaguzi akazunguka, akasimama nyuma, akaandika. Taa ya kumulika namba imelala. Mwenye gari akaongea kwa mikono, akaonyesha simu, akaonyesha mbingu. Mkaguzi akamwonyesha geti.

Mama Pacha akasogea. Fundi Saa akasikia moyo wake, na mapigo yake hayakuwa themanini.

"Taa ndogo," mkaguzi akasema. Zikawaka. Akazunguka mzunguko mzima, ikiwemo ya ubavuni. "Kubwa. Breki. Rivasi. Sawa." Akarudi mbele, akasimama upande wa kushoto, kalamu tayari. "Indiketa, kushoto."

Na hapo hapo Fundi Saa akakumbuka. Ile balbu ya mbele. Aliichomoa kwa ajili ya kuonyesha malalamiko, halafu ikawa twende. Aliirudisha? Akaitafuta kwenye akili yake, hakuipata. Aliona mkono wake ukiichomoa, hakuona mkono wake ukiirudisha. Akagusa mfuko wa shati. Kuna kitu kigumu. Kwenye kiti cha abiria huwezi kuona taa za mbele, unaona boneti tu na mkaguzi aliyesimama kama nguzo.

Mama Pacha akasukuma kijiti.

Tik, tak, tik, tak.

Fundi Saa hakuhitaji kuona. Akahesabu kumi, akahesabu ishirini. Mwendo wa aliyeshiba. Balbu ipo, mikono iliirudisha yenyewe akili ikiwa kwingine, zote zipo, gari lenyewe linasema, na sasa alikuwa anajua lugha yake. Akatoa kile kitu mfukoni. Ni kitako cha ile balbu iliyovunjika.

Mkaguzi akaomba na ya kulia, akaenda nyuma, akagonga kioo cha taa kwa kalamu, taa haikuyumba. Akaja dirishani.

"Nani alikufungia hizi taa?"

"Mume wangu," Mama Pacha akasema. "Mara mbili."

Mkaguzi akamtazama yule mwanaume mwenye mikono ya mkaa na duara jekundu la kikombe kuzunguka jicho. Akaandika. Akachana karatasi.

"Dirisha namba mbili, chukua vifurushi vyako. Unaanza leo, wawili wa asubuhi hawakufika. Abiria ashuke, haturuhusu abiria kwenye gari lenye mizigo."

"Leo?" Mama Pacha akauliza.

"Au uje na mume wako kesho?"

"Leo," akasema haraka.

Fundi Saa akashuka. Walitazamana kupitia dirisha, na yeye, aliyekuwa na hotuba tangu saa saba na dakika hamsini, akapata maneno mawili.

"Nilitakiwa kuangalia."

"Ulitakiwa," mke wake akasema. Kisha akanyoosha mkono, akamfuta shavuni kwa kidole gumba, uchafu ukazidi kusambaa. "Ila lile bati lililobaki ndani, fundi umeme angevunja kila kitu. Nenda nyumbani ukanawe."

Fundi Saa akamwona mkewe anaingia kwenye foleni ya dirisha namba mbili, mgongo umenyooka, anamwuliza swali dereva wa mbele yake na dereva anacheka. Akageuka, akatoka getini kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu na jua bado lipo, lakini alitembea kama mtu aliyeshushwa mlangoni kwake. Kila gari lililopinda alilitazama nyuma. Kulikuwa na lori moja lenye indiketa iliyokufa, akajikuta anampungia mkono dereva na kumwonyesha. Dereva akadhani anasalimiwa, akampigia honi.

Simu ikaita. Mama mkwe. Hakuwahi kumpigia hata siku moja, kwa ajili ya ile heshima.

"Amepata?"

"Amepata, mama. Ameanza hapo hapo."

Upande wa pili akasikia pua ikivutwa.

"Na wewe uko wapi?"

"Natembea."

"Umenyang'anywa gari?"

"Nimenyang'anywa, mama."

"Afadhali," mama mkwe akasema. "Basi pitia vitunguu. Na ukivichagua, mwanangu, fumbua macho."